Kamba ya Masika

Tulipoanua matanga ya Mwalimu Bukuru, watu wakiwa wamekwisha kula na kumsifu marehemu kwa maneno mazuri, mjane wake, Mama Zeno, aliniita jikoni akanikabidhi kamba. Ilikuwa kamba ya katani, imekunjwa vizuri, na kila baada ya mita kumi ina kitambaa chekundu kilichopauka. Niliijua kabla hajaitoa yote kwenye kiroba. Wenzangu waliofunzwa naye walipewa vikombe na picha. Mimi nilipewa kamba, na Mama Zeno hakunipa kwa ubaya. Alisema marehemu mwenyewe ndiye aliyeagiza: "Hiyo ni ya Spesioza. Ataamua mwenyewe kuitia moto au kufungia mbuzi." Nikaipakata pale juu ya kigoda, na kwa bahati moshi ulikuwa mwingi, nikapata cha kusingizia. Nina miaka thelathini na moja sasa, nina mgahawa mdogo Kibondo, magoti yananiuma mvua ikikaribia, na mtu akiniuliza kama ni kweli niliwahi kukimbia humjibu kwamba nilikimbia mwaka mmoja tu. Kwa hesabu si kweli, nilikimbia tangu shule ya msingi. Lakini mwaka uliobaki ndani yangu ni mmoja, nao ni 2012.

Mwaka huo nilikaa nyumbani kwa Mwalimu, Kasulu, katika chumba kilichokuwa stoo ya mahindi. Panya walikuwa hawajaarifiwa kwamba mahindi yamehama. Nyumba yenyewe ilikuwa ya bati jekundu, kando ya barabara ya kwenda Kibondo, ikitazamana na mashine ya kusaga, kwa hiyo kila kitu mle ndani kilikuwa na unga: viti, redio, hata nyusi za Mama Zeno. Asubuhi za baridi tulikunywa chai ya rangi na viazi vitamu vya kuchemsha, mchana ugali wa muhogo na maharage yaliyoungwa kwa mawese mpaka yakawa mekundu, na Jumapili Mwalimu akipenda hununua samaki wawili wa ziwani, migebuka, mkubwa wake na mdogo wetu sote. Mimi nilipewa kichwa. "Kichwa kina akili, na mkimbiaji anahitaji akili," alisema. Mama Zeno akamjibu kwamba mkimbiaji anahitaji nyama, na akanihamishia kipande chake. Ukuta kati ya chumba changu na sebule ulikuwa wa matofali mabichi na haukufika juu, kwa hiyo kila kilichosemwa sebuleni nilikisikia nikitaka nisitake. Mama yangu na mdogo wangu Kezia, aliyekuwa na miaka minane, walikuwa Mtabila, kwenye kambi ya wakimbizi wa Burundi. Baba zetu walikuwa wawili tofauti, na wangu alikuwa Muha wa huku huku, ndiyo maana karatasi zangu zilikuwa za Tanzania na zao zilikuwa za Burundi. Zaidi ya hapo sina la kueleza, na hata wakati ule nilichoka kulieleza.

Uwanja tuliupima mwezi wa tatu. Kabla ya hapo nilikuwa nakimbia kuzunguka mitikaratusi ya shule na hakuna aliyejua ni umbali gani. Mwalimu aliazima tepu ya chuma kwa fundi mmoja, akaitandaza kamba yake mpya verandani, kavu kabisa, akaipimia mita hamsini na kufunga vitambaa, na jioni ile ile fundi akaja kuchukua tepu yake maana alikuwa mchoyo wa kusifika. Wiki iliyofuata ndipo tulipotoka kwenda kupima. Ilikuwa masika, mvua ile ya Kasulu inayoanza alfajiri ikasahau kuacha. Tungeweza kungoja. Lakini mashindano ya shule za wilaya yangefanyika hapo hapo, na Mwalimu hakuwa mtu wa kungoja. Alishika ncha moja, mimi nyingine, kamba ikiburuzwa kwenye matope, imelowa chepechepe. "Vuta, binti, isilegee," alikuwa akipiga kelele kutoka upande wa pili, na mimi nikavuta mpaka viganja vikachubuka. Tuliitandika mara nane, tukafukia vipande vya tofali kila alama, na mvua ilipokatika tukachora mstari kwa majivu ya jikoni kwa Mama Zeno. "Mita mia nne kamili," Mwalimu alisema huku akipangusa miwani kwa shati lililolowa. Alifurahi kwelikweli. Namkumbuka alivyosimama pale, mtu wa miaka hamsini, suruali imekunjwa hadi magotini, kana kwamba uwanja ule ameuzaa yeye.

Mbio zangu zilikuwa mita mia nane, mizunguko miwili. Wasiozijua hudhani ni mbio fupi, kumbe mzunguko wa kwanza unakudanganya na wa pili unakudai. Wilaya nzima nikaishinda. Mwezi wa sita, kwenye uwanja umekauka na vumbi linapanda, Mwalimu alibonyeza saa yake nilipopita majivu, akaitazama, akaitikisa, akaitazama tena. Dakika mbili na sekunde sita. Aliporudi nyumbani alichukua chaki akaiandika juu ya mlango wa chumba changu, 2:06, akamwita Mama Zeno aje aone kana kwamba ameandika aya ya Biblia. Kulikuwa na timu ya kikosi kimoja cha jeshi iliyokuwa ikitafuta wasichana, na barua yao ilisema wazi: atakayekimbia chini ya dakika mbili na sekunde kumi mbele ya watu wao, Kigoma mjini, mwezi wa kumi na mbili, atachukuliwa, atafunzwa, ataajiriwa. Mwalimu aliisoma barua ile mpaka ikachanika kwenye mikunjo. Walimu wenzake walikuja kunitazama nikifua nguo. Mgema akisifiwa tembo hulitia maji, na mimi nilianza kutembea mabega juu. Nikiulizwa jina nasema, na muda wangu nao nautaja bila kuulizwa.

Wakati huo huo Mtabila ilikuwa inafungwa. Ilisemwa miaka na miaka kwamba itafungwa, watu wakazoea, lakini mwaka ule ikasemwa kwa kipaza sauti na tarehe ikatajwa. Shule zilikuwa zimeshafungwa, soko nalo, na kulima kumekatazwa. Nilipokwenda kuwaona niliwakuta watu wanang'oa milango ya nyumba zao wenyewe ili wapate kuni. Mama alikuwa ameketi kizingitini anachambua maharage, mlango hana. "Tunarudi," alisema. Alizungumza nami Kirundi siku zote, hapa namwandika kwa Kiswahili. Nikamwambia kuhusu ile barua na muda wangu. Akauliza sekunde sita ni kitu cha urefu gani, nikapiga makofi sita. Akacheka. "Na kwa kitu hicho watu wanapewa kazi?" Nikamwambia ndiyo, na nikipata kazi nitawafuata au nitawaleta, lolote litakalowezekana. Akasema tu kwamba Jumapili atakuja auone huo uwanja.

Alikuja kwa miguu na Kezia, kanga imefungwa kifuani, kilemba kipya, amebeba kikapu cha mihogo kwa Mama Zeno. Mwalimu alimpokea kwa heshima zote za Kiha, kwa kupiga makofi taratibu na kuinama, "Mwakeye, mama, mwakeye," na mama akaitikia kwa heshima hizo hizo. Kisha nikakimbia. Nilikimbia kwa ajili yake mpaka nikatapika, na Mwalimu akamwonyesha saa asiyoweza kuisoma. Mama hakuitazama sana. Alikuwa anatazama chini, anasukuma kwa kidole cha mguu kipande kimoja cha tofali. "Mliupima lini?" aliuliza. Mwalimu akasema mwezi wa tatu. "Kwa kitu gani?" Mwalimu akamwonyesha kamba, akaikunjua kwa fahari. Mama akaishika, akaisugua kati ya vidole kama anavyosugua mtu kitambaa dukani. Kisha akaanza kutembea kwenye mstari wa majivu, hatua ndefu za kupimia shamba, midomo ikichezacheza, akauzunguka uwanja wote peke yake. Nilimwonea aibu kidogo. Alipomaliza alisimama mbele yangu muda mrefu, akanifuta matapishi kidevuni kwa ncha ya kanga. "Ni uwanja mzuri, mwana wanje," alisema. "Baki ukimbie." Hivyo tu. Niliruka kwa furaha. Nilikuwa na miaka kumi na minane na nilidhani nimeshinda.

Siku chache kabla ya malori kuja nilikuwa chumbani nimelala mchana, mvua za vuli zimeshaanza, nikamsikia Mama Zeno sebuleni akisema, "Unamtenga mtoto na mama yake, Baba Zeno. Je, wasipomchukua?" Mwalimu akasema watamchukua. Mama Zeno akasema hajauliza hivyo. Nikasikia kijiko kinakoroga chai. "Watu hudanganya," Mwalimu alisema. "Saa haidanganyi." Nikageukia ukuta nikalala vizuri zaidi. Ni sentensi niliyokuja kuichukia kuliko tusi lolote nililowahi kutukanwa, na nimetukanwa mengi, maana nafanya biashara ya chakula.

Mtabila siku ile palikuwa na matope, na watu wamevaa nguo zao zote kwa pamoja ili mizigo ipungue. Mama alivaa magauni matatu. Alikuwa mtulivu, na utulivu wake uliniudhi, nilitaka alie ili nami nilie. Badala yake alimshika Kezia mabega akamgeuza anitazame. "Dada yako anakaa wapi?" Kezia akajibu kama darasani: "Kasulu, barabara ya Kibondo, nyumba ya bati jekundu, mbele ya mashine ya kusaga, kwa Mwalimu Bukuru." Mama akasema rudia. Akarudia. Akasema rudia tena. Mtoto alirudia mpaka akaanza kulia, na mama hakumwachia. Nikamwambia, "Mama, mwache, nitawaandikia barua mimi." Akasema, "Barua huungua." Kisha walipandishwa. Nilitaka kumwambia ashuke. Nilitaka kumwambia nipande. Nilifungua mdomo na lori likawaka, na nikasimama pale nikijihesabia sekunde, mwendawazimu mimi, mpaka lori likakunja kona. Tangu siku hiyo sijamwona mama yangu.

Kigoma mjini joto lilinipokea kwa kofi. Uwanja ulikuwa umechorwa kwa chokaa nyeupe na watu wa kikosi walikaa kivulini na saa zao tatu. Nilikimbia. Sitaki kupamba: nilikimbia vizuri kuliko siku zote za maisha yangu. Mzunguko wa kwanza ulionekana kurefuka, nikadhani ni woga. Kwenye wa pili, pale ambapo miguu yangu ilizoea kukuta mwisho, mwisho haukuwepo. Nakumbuka nilitafuta majivu chini. Nikaendelea, nikamaliza nikiwa nafasi ya tatu, na yule bwana wa kikosi akasoma kwa sauti, "Mbili, kumi na saba." Akamtazama Mwalimu. "Mwalimu, wewe ulituandikia mbili na sita." Hakusema kwa ukali, na hilo ndilo lililoumiza. Mwalimu akaanza kueleza habari za joto, ya kwamba binti amezoea baridi ya juu, ya kwamba safari ilikuwa ndefu. Yule bwana akafunga daftari lake. "Sawa, Mwalimu. Jaribuni mwakani." Kwangu mimi mwakani haikuwepo. Nilikuwa nimeshailipia ile siku moja.

Tuliporudi Mwalimu hakuingia ndani. Alikwenda moja kwa moja kwa yule fundi mchoyo, akarudi na tepu ya chuma, nasi tukaenda uwanjani, mimi ncha moja, yeye nyingine, vilevile. Tulipima tofali kwa tofali. Tulipofika mwisho alipima tena. Mita mia tatu sabini na mbili. Akachuchumaa kwenye majani. "Yesu wangu," alisema, "tulipima kwa kamba imelowa." Na mimi nikaelewa mara moja, maana hakuna mkulima wa milima hii asiyejua kwamba katani ikilowa hujikaza, na kwamba shamba likipimwa mvuani humpunja mnunuzi. Watu wamepelekana baraza la kijiji kwa ajili hiyo. Mwalimu alikuwa mtoto wa mkulima, mimi nimeshika jembe tangu nina miaka sita, na tungekuwa tunapima kipande cha maharage tusingethubutu. Lakini ule ulikuwa uwanja wa michezo, ulikuwa jambo la vitabu na filimbi, na akili zetu za shamba tuliziacha shambani. Nilimwambia maneno. Nilimwambia kwamba amemuuza mama yangu kwa kamba. Alikuwa bado amechuchumaa, hakuinua uso. Nikakusanya nguo zangu siku ile ile, Mama Zeno ameshika kawa la kufunikia chakula mlangoni analia, na ile 2:06 bado iko juu ya mlango, nikapanda gari la mizigo kwenda Kibondo.

Kibondo niliosha vyombo kwa mama mmoja anayeuza chakula karibu na stendi, nikalala nyuma ya jiko lake. Mikono ilipasuka kwa magadi. Nilitafuta njia ya kumfuata mama, kila niliyemuuliza akasema mpaka, karatasi, subiri, na nilikuwa sijui hata ni kilima gani walikopelekwa. Kulikuwa na siku nilizokaa chini kando ya beseni la vyombo nikajiambia kwamba nikilala hapa nisiamke, hakuna atakayepungukiwa ila sahani. Mwalimu alikuja mara moja. Aliagiza chai, akakaa nayo mpaka ikapoa, na mimi nilimtazama kupitia tundu la ukuta na sikutoka. Akawa anapiga simu kila mwezi. Sikupokea, na niliona raha kutopokea. Ilikuwa raha pekee niliyokuwa nayo, na niliitunza vizuri.

Mwaka 2015 watu walianza tena kuvuka kutoka Burundi, na kambi ya Nduta, huku huku Kibondo, ikafunguliwa. Siku moja simu yake ikaita mara sita mfululizo, nikapokea ili nimtukane. Hakunipa nafasi. "Mdogo wako yuko Nduta," alisema. "Amemwambia kila mtu aliyevaa fulana ya kazi kuhusu nyumba ya bati jekundu mbele ya mashine ya kusaga, mpaka dereva mmoja akaniletea habari. Nenda." Nilikwenda na aproni yangu. Kezia alikuwa kwenye foleni ya unga, amerefuka, mwembamba, ameshika ndoo isiyo yake. Alinitazama na kabla ya jambo lolote akanisomea anuani yote tangu mwanzo hadi mwisho. Mama hakuwepo. Alikuwa amefariki mwaka mmoja kabla, kwa homa, kitandani, kwenye kilima ambacho hakukuwa na ardhi yetu hata ya kaburi, na Kezia alikuja na majirani.

Tuliketi juu ya ile ndoo iliyopinduliwa. Aliniuliza kama jeshi lilinichukua, nikamwambia halikunichukua, uwanja ulikuwa mdogo. Nilitaka kumweleza. Akatikisa kichwa kwamba anajua. "Mama alisema," akanijibu. "Kwenye lori. Alisema uwanja wa dada yako umepimwa na mvua, ameuhesabu kwa miguu, hautoshi. Hawatamchukua." Nikamuuliza, kama alijua, mbona aliniambia nibaki? Kezia alikuwa na miaka kumi na mmoja, alilisema kama lilivyowekwa mdomoni mwake. "Alisema: ningemwambia, angepanda nasi. Na tukienda wote, siku tukikimbia tena hatutakuwa na mlango wa kubisha."

Sasa niseme lile lililonifanya niandike yote haya. Sikumwambia Mwalimu. Tangu mwaka ule nilijua kwamba kamba yake haikunitenga na mama, kwamba mama mwenyewe ndiye aliyenitenga naye, macho makavu, akiwa na hesabu yake kichwani. Ningeweza kumwambia kwa simu, dakika moja. Lakini hasira yangu ilikuwa kubwa, na huwezi kumkasirikia mama marehemu aliyekuokolea mdogo wako. Ilihitaji mtu wa kuibeba, na yeye alikuwa tayari ameibeba, hakulalamika. Nikamwachia. Kezia nilimlea, amesoma, ameolewa, na kila Krismasi Mwalimu alituma viazi Kibondo, na mimi nilivipokea, nikavipika, nikanyamaza. Miaka kumi. Majuto ni mjukuu, wanasema, lakini wangu sikumzaa kwa bahati mbaya. Nilimlea mwenyewe.

Pale jikoni, kamba mapajani, nilimweleza Mama Zeno. Alikuwa amerudi kwenye ungo wake, anachambua maharage ya wageni watakaolala. Nilimwambia kila kitu, vidole vya mama kwenye kamba, zile hatua ndefu, maneno ya kwenye lori. Kutoka uani tuliwasikia wanaume wanakunja maturubai na mtu mmoja anasimulia jinsi marehemu alivyokuwa anaonekana uwanjani kila alfajiri, miaka nenda rudi, anazunguka peke yake na tepu ya chuma, hata baada ya kustaafu, na wakadhani ni mapenzi ya michezo. Mama Zeno alisikia, nami nikamwona anasikia. Yeye ndiye aliyelala miaka yote kando ya mume asiyepata usingizi.

Nilimaliza kusema nikangoja anitukane. Aliokota jiwe dogo kwenye maharage, akalitazama, akalitupa nje kupitia mlangoni.

"Angelala," alisema, akaendelea kuchambua.